Zisis Karatolios, Mtega Vinasa Mawimbi (1966–2024)

Marehemu Zisis Karatolios alizaliwa tarehe 14 Februari 1966 kijijini Zagora, mlimani Pilio, kitinda mimba wa wakulima wa matufaha, mzee Rizos na mama Areti. Matufaha alimwachia dada yake, Malamo, anayeyauza hadi leo.

Alisoma Zagora, kisha shule ya ufundi mjini Volos, akahitimu kama fundi redio mwaka 1984. Alifungua duka la kutengeneza redio. Kazi aliijua, kupandisha bei hakujua.

Tarehe 5 Septemba 1993 alimwoa Vasso. Katikati ya sherehe bwana harusi hakuonekana. Alikutwa meza ya mwisho kabisa, peke yake.

"We Zisis, mkeo yuko kule!" dada yake alifoka.

"Nasikiliza kama sauti ya klarineti inafika huku. Aliyekaa karibu na mpigaji atakwambia inafika kila mahali."

Walijaliwa binti mmoja, Areti.

Mwaka 2008 aliajiriwa katika maabara ya mtandao usio na waya. Juu ya paa palikuwa na kompyuta ndogo arobaini zilizorushiana ujumbe hewani kwa majaribio. Zisis alitega vinasa: vifaa vinavyokaa kimya, vikidaka kila ujumbe unaopita na kuuandikia saa yake. Saa za vinasa hivyo alizisawazisha kila asubuhi, kabla ya kahawa.

Mwaka 2016 profesa mkuu wa maabara alitaka kuonyesha kwamba mbinu yake mpya ya kurusha ujumbe haipotezi ujumbe hata mmoja. Vinasa, vilivyotegwa kando ya kompyuta inayopokea, vilionyesha kuwa katika kila jumbe tano, mmoja haukufika. Profesa akaamuru vihamishiwe kando ya ile inayotuma.

"Hapo vitanasa kilichosemwa, bwana profesa, si kilichofika."

"Wewe panda ngazi, fundi. Kufikiri tuachie sisi."

Kosa lake ni hilo: alipanda. Matokeo yakachapishwa. Watafiti wa nchi nyingine walipoijaribu mbinu hiyo, iliwashinda. Profesa akaandika kwamba fundi alikosea kutega vinasa. Tarehe 30 Juni 2017 mkataba wa Zisis ulikwisha, na hakuna maabara iliyomtaka tena.

Novemba 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu. Alifariki hospitalini Volos tarehe 9 Machi 2024. Hakumtukana mtu. Kazi hiyo aliifanya dada yake.

Jana profesa alifika nyumbani. Aliahidi kibao cha shaba chenye jina la Zisis mlangoni mwa maabara, akaomba aseme machache kaburini.

"Kibao kaa nacho," Malamo alimjibu. "Niandikie mistari miwili: nani aliamuru vinasa vihamishwe. Tia sahihi, kesho useme mpaka uchoke."

"Bibi Malamo, haya mambo ni magumu kuliko unavyodhani."

"Miaka arobaini niko sokoni, mwanangu. Anayeficha yaliyooza chini ya kikapu namjua kwa macho."

Hakuandika. Ndiyo maana leo hasemi.

Marehemu ameacha mjane, Vasso, binti, Areti, na dada, Malamo, aliyeandika haya na kuyatia sahihi.

Mungu ampe Zisis pumziko la amani.