Mama Songa na Ukurasa wa Tisa

Baada ya miaka ishirini na saba ya kuwaandaa watahiniwa katika kituo chetu, Mama Songa anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Anaondoka akiwa mshindi, na mmoja wa aliowashinda ndiye anayeandika haya.

Alianza kama karani wa mapokezi, akasomea ualimu huku akilea watoto wawili, akaishia chumba namba nne, chenye kompyuta kumi na mbili na feni moja inayolalamika. Humo alifundisha jambo tulilolidharau: kugawa muda. Mtihani wa leseni tunaowaandalia watu una maswali sitini kwa saa mbili, na kompyuta humpima mtu huku ikimfuata. Akipatia, swali linalofuata huwa gumu zaidi. Akikosea, huwa jepesi. Kurudi nyuma hakuna. Basi alisimama nyuma ya mtahiniwa, na dakika mbili zikiisha kiganja chake kilitua mezani, pa! "Chagua, songa." Jina likamganda.

Wakati huo kijitabu chetu cha mwongozo, ukurasa wa tisa, kilihubiri kwa herufi nene kwamba maswali kumi ya kwanza ndiyo yanayoamua kila kitu, hivyo yapewe hata dakika arobaini. Upuuzi huo niliuandika mimi, na kikaoni niliutetea kwa sauti kubwa kuliko ushahidi niliokuwa nao. Yeye alijibu kwa upole kwamba maswali yanayoachwa wazi mwishoni huadhibiwa vikali, na kwamba nilikuwa nawafundisha watu kuzama taratibu.

Muuguzi mmoja ndiye aliyetuamua. Alikuwa ameanguka mara mbili akifuata ukurasa wangu. Mara ya pili aliacha maswali kumi na manne. Akianguka tena, leseni basi, na wodi ya watoto aliyoihudumia miaka sita basi. Mama Songa alimchukua kwa wiki tano. Alimzoesha kuandika namba tatu kabla ya kuanza: kumi na tano, thelathini, arobaini na tano, yaani swali analopaswa kufikia kila nusu saa inapoisha. Akichelewa, asiyakimbize yote. Abahatishe lile moja lililomkaba, apumue, aendelee.

Siku ya mtihani, swali la ishirini na mbili, la kipimo cha dawa, lilimshika koo. Bado alimaliza yote sitini, dakika nne zikabaki, akafaulu. Alikuja kituoni na sare yake, akamwambia mwalimu wake mbele yetu sote, "Pale nilisikia kabisa kiganja chako, mama. Nikabofya."

Mama Songa hakunisimanga. Alinikabidhi rula na vijitabu mia mbili, nichane ukurasa wa tisa mwenyewe. Nilichana mpaka vidole vikauma. Wanaoufundisha bado upuuzi ule kwingineko waje tubishane; safari hii ushahidi ninao.

Mama, asante kwa kila mtu uliyemvusha, nami nikiwemo. Wajukuu wakuchoshe vizuri, na afya isikuache. Nimepewa dakika mbili za kusoma haya, na naona mkono wako umeshainuka pale kiti cha mbele. Kitufe cha kurudi hakipo. Songa.