Kamba ya Chokaa: Maisha ya Symphorien Kalombo wa Panda (1966–2025)

Baba Padri, familia, majirani wa Panda, na ninyi wageni mliovuka mpaka wa Kasumbalesa ili kuwa nasi: haya ni maisha ya kaka yetu mkubwa. Anayesoma ni mdogo wake, Bertin. Desturi ya karatasi kama hizi ni kumtaja kila mtu kwa jina, hata msomaji mwenyewe, basi mkisikia "Bertin" ndiye huyu mnayemwona hapa mbele. Mjane, Clémentine, ndiye aliyeagiza aandike Bertin na asome Bertin. Wengi mlishangaa, na Bertin alishangaa kuliko ninyi.

Marehemu Symphorien Kalombo alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika kambi ya wafanyakazi ya Panda, mwaka uleule mji wetu ulipoacha kuitwa Jadotville ukawa Likasi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa baba yetu Kabongo, fundi wa kiwanda cha Shituru, na mama yetu Angèle, aliyeuza samaki wa ziwa la Tshangalele katika soko la Kikula. Waliomfuata wawili walikufa wachanga. Mama alikaa miaka mingi bila kupata mwingine, hata mwaka 1982 akazaliwa Bertin. Baba alipofariki mwaka 1990, Symphorien alikuwa na miaka ishirini na minne na Bertin minane. Kuanzia hapo Symphorien ndiye aliyemlisha, akamvika, akampeleka shule kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Bertin alimwita Yaya, kama kwetu tunavyomwita mkubwa, lakini alikuwa baba yake.

Marehemu alisoma shule ya msingi kwa mapadre hapa Panda, kisha shule ya ufundi, akapata diploma ya umekanika mwaka 1985. Hakuwa wa kwanza darasani. Walimu hata hivyo walimwachia yeye funguo za chumba cha vifaa, kwa sababu mikononi mwake hata spana haikupotea. Watoto wa kambi nao walimjua. Kila timu ya mpira wa vitambaa ilimtaka awe mwamuzi, na hakuna iliyomtaka awe mchezaji wake, maana angesema mwenyewe kwamba mpira umemgusa mkono. Siku moja, tayari ni mtu mzima anayetoka kazini na kopo lake la chakula, alimkuta Bertin akicheza goroli. Bertin alikuwa ameisukuma goroli yake kidogo kwa kidole cha mguu, akidhani hakuna aliyeona. Symphorien aliinama, akairudisha goroli pale ilipokuwa, akaenda zake bila neno. Jioni ile mezani, kipande chake cha nyama alimpa Bertin. Tuliokua naye tunazo hadithi nyingi za namna hiyo, na zote zinamalizika kwa yeye kunyamaza.

Aliajiriwa katika karakana ya kiwanda mwaka 1986. Mwaka 2003 aliachishwa kazi pamoja na wenzake wengi, akafungua gereji ya pikipiki Kikula. Hapo ndipo ulipoanza ule wazimu wake, na neno hilo alilitumia yeye mwenyewe. Mwaka 2009, kwenye uwanja mtupu nyuma ya karakana za zamani za Panda, alichora kwa jembe njia ya mviringo, akaisawazisha, akaimwagia maji, akaanzisha mbio za pikipiki zisizo na breki. Wasiozijua wasikie: wanne wanaondoka pamoja, wanazunguka mara nne, wanapinda kushoto tu, na kwenye kona gurudumu la nyuma linateleza huku udongo ukiruka hadi kwa watazamaji. Mwaka 2011 wakaja watu wa Kitwe, Zambia. Mwaka uliofuata wakaja wa Mbeya na wa Lubango kule Angola. Fundi mmoja wa Kikula akachonga kikombe cha jiwe la kijani la malakiti, kizito hata kubebwa kwa mkono mmoja ni shida, na Likasi ikawa na mashindano ya kimataifa: Kombe la Malakiti.

Watu waliona pikipiki. Hawakuona barua. Kule Kinshasa palikuwa na marais wawili wa shirikisho la mbio, kila mmoja akisema mwenzake ni wa uongo. Symphorien aliwaandikia wote wawili kwa heshima ileile, akapata vibali viwili vyenye mihuri miwili, akavibeba vyote mpakani ili afisa achague rais anayempenda. Alibembeleza kampuni imwazime lori la maji. Alipanga viti vya wakubwa wa mkoa mara tatu, kwa sababu kila aliyewekwa safu ya pili alipiga simu. Nyimbo za mataifa manne zilikuwa kwenye simu yake, na mwaka mmoja aliwapigia Waangola wimbo wa Tanzania, nao wakasimama wima hadi mwisho kwa adabu. Kazi hiyo yote aliifanya peke yake, mezani pake, kwa kalamu ya bluu. Wajumbe wa nchi tatu walimwekea sharti moja tu: jaji atoke nje ya nchi. Siku Likasi itakapompendelea mtu wake, walisema, hawatarudi tena.

Sasa tufike tarehe 16 Agosti 2015, kwani hakuna mtu hapa ambaye haifikirii.

Bertin alikuwa ameingia fainali. Jumamosi, baada ya misa, Séraphin, mfanyabiashara wa Lubumbashi aliyeleta matangazo na vinywaji, alikuja gereji. Bertin alikuwepo, anafunga mnyororo.

"Vieux Sympho," alisema Séraphin, akimwita mzee kwa heshima, "bantu banakuya kuona mutoto wa Likasi anashinda. Bertin akishinda, niko na weye miaka tatu. Akishindwa, hii championnat ya Kombe inaenda na minye Lubumbashi."

Symphorien alimtazama, akafuta mikono. "Kama njo vile, anza kukunja banderole zako za matangazo leo."

Jumapili asubuhi ikaja habari kwamba jaji wa kigeni amezuiwa Kasumbalesa: kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano haikuwa sawa. Wajumbe walikutana uwanjani, wakarudi na jibu moja: Symphorien akae kwenye kibanda cha jaji.

"Ndugu yangu anakimbia," alisema. "Mutafute mungine."

Bwana Chisanga wa Kitwe, ambaye leo yuko nasi safu ya mbele, alimjibu kwa Kibemba: "Ndiyo maana tunakutaka wewe. Ukimpendelea, uwanja mzima utaona."

Hapa lazima kamba ielezwe. Kwingineko mbio hizi huanza kwa kamba inayoruka juu kwa sumaku. Sumaku zetu zilikaa forodhani mpaka tukazisahau. Symphorien alikata mipira ya ndani ya magurudumu, akaifunga kwa springi ya lori ili iruke kwa mkono wa mtu mmoja. Kisha, kabla ya kila mbio, aliipaka chokaa mbichi kwa brashi. Anayeigusa kabla haijaruka anabaki na alama nyeupe, anawashiwa taa nyekundu, anatoka. Hakuna mwanzo wa pili kwake.

Kamba iliruka. Taa nyekundu ikawaka, namba tatu. Namba tatu alikuwa Bertin. Kutoka jukwaani hakuna aliyeona kitu, maana ilikuwa kufumba na kufumbua. Bertin alishuka kwenye pikipiki, akajitupa kwenye udongo uliomwagiwa maji, akagaagaa mle huku akilia kwa sauti. Wanawake jukwaani walilia naye. Wajumbe walipofika kumkagua alikuwa matope kuanzia shingoni hadi magotini. Wakamtazama Symphorien kule juu kibandani, naye hakuizima taa. Mbio zikarudiwa na watatu, mtu wa Mbeya akachukua kikombe, na watu wetu wakarusha mawe kwenye kibanda hadi polisi wakaja.

Tangu siku hiyo mji huu ulimpa jina. Mnalijua, na wengine wenu mlilitumia hata juzi: yule aliyemuuza ndugu yake kwa wageni. Séraphin aliondoka na matangazo yake. Mwaka uliofuata uwanja haukuwa na bango hata moja, lakini nchi zote nne zilikuja, na zimekuja hadi leo.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Clémentine tarehe 12 Agosti 1995. Walijaliwa watoto wawili, Joëlle na Chadrack, ambao maisha yaliwapeleka mmoja Kolwezi, mwingine Ndola. Clémentine ni muuguzi huko Kakanda. Kila juma alikuwa akirudi nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumatatu. Kwa hiyo siku tano za juma Symphorien alikula peke yake. Zamani alikula kwa mama. Lakini jioni ile ya fainali mama Angèle alimfungia mlango, akamwambia mbele yetu sote: "Symphorien, weye njo ulimulesha huyu mutoto. Leo umemupatisha haya mbele ya bageni. Usirudie kukula kwangu." Symphorien aliitikia, "Ndiyo, mama," akashika baiskeli yake. Hakualikwa kwenye harusi ya Bertin mwaka 2017. Alituma zawadi ya sufuria sita, zikapokelewa bila shukrani. Mama alipofariki tarehe 3 Novemba 2019, yeye, mtoto wa kwanza, alisimama nyuma kabisa ya watu, karibu na geti la makaburi, na hakuna aliyemwita mbele.

Mwaka 2020 mipaka ilifungwa kwa ugonjwa ule, mbio hazikuwepo. Waliopita Panda Jumapili waliona mzee mmoja akivuta reki kwenye mviringo, mzunguko baada ya mzunguko, akisawazisha njia ambayo hakuna atakayeikimbilia. Aliishi mpweke. Tuseme hivyo bila kuzunguka. Aliishi mpweke miaka kumi katika mji ambao yeye ndiye aliyeufanya ujulikane ng'ambo ya mpaka.

Kikohozi kilimwanza mwishoni mwa mwaka 2023. Madaktari walisema ni mapafu, vumbi la miaka mingi. Aprili mwaka huu alilazwa. Tarehe 8 Juni, Jumapili, Bertin alimtembelea kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Alikuwa ameandaa maneno njiani. Symphorien alifumbua macho, akauliza kitu kimoja: "Balimwanga maji ku terrain?" Bertin alijibu, "Ndiyo, Yaya." Uwanja ulikuwa mkavu. Mchana huohuo Bertin alienda kuumwagia kwa ndoo, lakini yale maneno aliyoandaa alirudi nayo nyumbani. Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, asubuhi, Clémentine akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Ameacha mjane Clémentine, watoto wawili Joëlle na Chadrack, wajukuu watatu, mashindano yaliyopangwa kufanyika Agosti hii, na mdogo wake mmoja tu, Bertin.

Katika karatasi mlizo nazo, wasifu unaishia hapo. Haya yanayofuata hayakuchapwa, nimeyaandika leo asubuhi, na sitasema tena "Bertin".

Niligusa kamba.

Jezi yangu ilikuwa nyeusi. Niliposhuka niliona mstari mweupe umepita kifuani, kutoka bega hadi bega. Mlidhani nalia kwa uchungu ndipo nikajitupa chini. Nilikuwa nafuta chokaa. Niligaagaa mpaka ikachanganyika na udongo wenu mwekundu, nikainuka, nikawaonyesha kifua changu, nanyi mkanililia. Yaya aliona yote kutoka kule juu. Aliuona mstari, na aliniona ninavyoufuta. Angesema neno moja, mngenitazama mimi vile mlivyomtazama yeye miaka kumi. Hakusema.

Nilikuwa nangoja nipate nguvu za kusema mwenyewe. Kwanza nilingoja hasira zipoe, kisha nikangoja harusi ipite, kisha mama akafa akiniamini, na baada ya hapo nilijiambia kwamba nimechelewa. Clémentine alimuuliza Yaya zaidi ya mara moja kama kweli niligusa. Jibu lake mwaka wa kwanza lilikuwa, "Bertin iko anajua." Mwaka wa kumi lilikuwa hilohilo. Shemeji alinisimulia hayo juzi akinikabidhi karatasi na kalamu ya bluu, kisha akasema: "Minye siulize kitu. Weye njo utasoma."

Nimesoma. Lile jina mlilompa mnirudishie mimi, ni langu. Na wewe, Bwana Chisanga, waambie wa Kitwe, wa Mbeya na wa Lubango kwamba Likasi haikuwahi kuwadanganya. Mdanganyifu alikuwa mmoja, naye ndiye huyu.

Uliona muzuri, Yaya. Uliona muzuri. Pumzika kwa amani.