Sifuri ya Mzee Alute

Kijiwe cha kahawa cha Yunisi kiko Shelui, pale malori yanapopumzika, na ubishi wa pale haupumziki. Asubuhi hiyo Derick, fundi kompyuta, alikaa pembeni ya benchi mpaka kahawa ikampoa mkononi. Roho ilikuwa juu juu. Mzee Alute, mwenye kiwanda cha kukamua alizeti, alikuwa amempa mpaka saa sita: rudisha kompyuta ilivyokuwa, au kazi basi.

— Kwani umeiharibu? — aliuliza Laurenti, dereva mstaafu waliyemwita Breki kwa kuwa mdomo wake haukuwa nayo.

— Nimeitengeneza, baba! Memori ya ile mashine ikikosea inajisahihisha yenyewe, halafu inahesabu makosa. Sasa draiva, ile programu ya kuleta hesabu kwenye skrini, ilikuwa inaandika sifuri tu, siku zote. Nimeirekebisha, inasema kweli. Makosa mia tatu na ushee!

— Ahaa. Na Alute anaona umeyaleta wewe.

— Ndiyo hivyo.

— Hilo vumbi la mashudu ya alizeti, — Breki aliamua. — Memori imepaliwa.

— Vumbi wapi! — alidakia Joshua. Huyo walimwita Kamati. Hata chumvi ikipungua kwenye mchuzi, yeye huunda kamati. — Hayo makosa ni ya viwanda vingine, yametupwa kwetu kwa mtandao. Tuunde kamati, tuyarudishe kwa wenyewe.

Breki akasimama kabisa.

— Nyie hamjui kitu. Mashine imeokoka! Miaka yote ilijifanya haina kosa, leo inatubu. Aitwe mchungaji.

— Ibatizwe? — aliuliza Kamati.

— Tena kwa maji mengi!

— Si itaungua, Breki!

Derick alicheka bila kupenda. Lakini alishakata shauri, akawaambia: angeirudisha draiva ya zamani, sifuri irudi, yaishe. Kazi nyingine angeipata wapi?

Mwanamke mmoja aliyekuwa akisubiri basi, kuku wake kwapani, akageuka.

— Samahani, kaka. Hiyo sifuri ikirudi, memori itakuwa imepona?

Breki alichungulia kikombe chake. Kamati aliinama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili. Yunisi akatikisa birika. Halikuwa na kitu.

Derick alitoa simu.

— Shikamoo, mzee... Hapana, sijairudisha. Naomba nikuulize swali moja tu, nililoulizwa hapa sasa hivi, halafu kama ni kunifukuza, nifukuze.