Bi Nyaya, Fundi Aliyeikatalia Ndege Kuruka

Baada ya miaka ishirini na saba, miezi minne na siku ambazo mwenyewe anasema hazina haja ya kuhesabiwa, fundi wetu mkuu wa mifumo ya umeme wa ndege anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Kwenye barua ya ajira ana cheo kirefu cha heshima. Humu karakanani tunamwita Bi Nyaya, na ukimwita vingine hageuki.

Alikuja kwetu akiwa fundi redio, mkoba begani na koleo lake mwenyewe mfukoni, wakati kampuni nzima ilikuwa vyumba viwili na meza ya kukunja. Tulitaka kuunda ndege isiyo na rubani, inayokula jua tu, ipande kilomita ishirini, ipite mawingu yote, ikae huko wiki kadhaa bila kutua. Siku ya usaili aliutazama mchoro, akauliza swali moja tu: usiku itakula nini? Mhandisi mkuu alimwajiri papo hapo, maana hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi.

Ndege zetu ni viumbe vya ajabu. Bawa ni refu kuliko nyumba, uzito wote haufiki wa pikipiki. Kwa hiyo kila gramu ni vita, na jemadari wa vita hivyo alikuwa Bi Nyaya. Alipima waya, alipima gundi, alipima hata vipande vya plastiki alivyovikata kwenye vifungo. Mhandisi mkuu alipoandika jina lake mwenyewe kwa rangi ndani ya bawa la ndege ya pili, kesho yake alikuta limekwanguliwa, na pembeni kikaratasi: gramu tatu. Tulipomletea keki ya kuzaliwa aliiweka kwenye mizani kwanza, kwa mazoea tu, kisha akacheka mpaka akaketi sakafuni.

Kufunga nyaya zikalala kama nywele zilizosukwa alifundishwa nyumbani. Mumewe ni fundi cherehani, na fundo tunalotumia sote leo lilitoka kwenye meza yake ya kushonea. Bi Nyaya akitaka kuisifu kazi ya mtu husema neno moja: “Inavalika.” Kuna waliofanya kazi hapa miaka mitano kabla ya kulisikia.

Lakini siku yake hasa ni asubuhi ya ndege ya tatu. Viti vya wageni vimepangwa uwanjani, upepo umetulia, mkurugenzi amevaa tai. Imebaki sahihi moja, ya Bi Nyaya, naye akakataa. Katika ukaguzi wa mwisho, kipimo cha joto la betri ya bawa la kushoto kilikuwa kimerukaruka nusu sekunde, kisha kikatulia tuli. Mkurugenzi alibembeleza, akasihi, akawaonyesha wageni kwa kidole.

“Bosi,” Bi Nyaya alimjibu, “ndege ikishapanda, sahihi yangu haiwezi kuifuata huko juu ikaushike waya.”

Akafungua bawa, akatoa konekta sita, vile viungio vya nyaya, akaenda kuzizika kwenye friza ya kantini katikati ya kuku. Mpishi aliwaka kama moto wa kifuu. Baada ya saa mbili Bi Nyaya alizitoa moja moja na kuzipima zingali na barafu. Ya nne ilikuwa kimya kama jiwe. Pini yake ilikuwa na ufa mwembamba, usioonekana kwenye joto, unaofunguka kwenye baridi. Kule juu kipimo kingekufa, hita ya betri ingezimika, na ndege ingeanguka usiku wa kwanza.

Tukaanza kutazamana: nani aliyeibana pini hii? Hakutuacha tukisie. Alilifungua daftari la kazi mbele ya mkurugenzi na wageni, akaweka kidole juu ya jina.

“Ni mimi,” alisema. “Nipeni siku mbili nizifanye zote upya, na akague mtu mwingine.”

Kisha mkurugenzi akaivua tai, akaikunja, akauliza kama kuna chai.

Siku ya tatu ndege ilipaa, ikakaa angani siku ishirini na sita. Magurudumu yalipogusa ardhi, Bi Nyaya, ambaye hata harusini hukaa kitini, alimkamata mpishi mkono wakacheza uwanja mzima, kiatu kimoja cha mpishi kikabaki nyuma. Na tangu daftari lile lifunguliwe, hakuna fundi humu anayeficha kosa lake. Mafundi kumi na wanne wamepita mikononi mwake; wote huanza kujitambulisha kwa makosa yao.

Ijumaa atakaporudisha kitambulisho, ndege ya saba, aliyoiunga waya kwa waya, itakuwa bado juu. Itashuka baada ya wiki mbili. Ameuliza kwa upole kama mstaafu anaruhusiwa kusimama uwanjani. Mama, gari litakuja kukuchukua mlangoni kwako, na hakuna atakayeigusa ndege ile kabla yako.

Asante kwa mikono yako, kwa macho yako, na zaidi kwa ukaidi wako. Tunakuombea afya, vicheko vingi na miaka mirefu ya raha pamoja na mzee wako wa cherehani. Simu yako usiizime, Bi Nyaya. Jumatatu saa mbili asubuhi tutakuwa tumeshakwama.