Fungu la Aliye Tumboni

Mheshimiwa Diwani, masheikh wetu, Baba Paroko uliyekubali kuja, wazee wa Itetemia, ndugu wageni waalikwa: shikamooni wote mnaostahili, na wenzangu hamjambo. Mimi ni Tekla, mjane wa marehemu Shaban. Shule yangu iliishia darasa la saba, na mapacha wangu wanaota meno, sijalala vizuri tangu Jumapili. Nikikosea mnivumilie.

Tunamuaga Sheikh Nassoro Mlolwa, anayepumzika kazi baada ya miaka thelathini na minane ya kuamua ndoa na mirathi za Waislamu wa hapa. Wengine watavisifu vitabu alivyosoma. Mimi nitasifu alivyojua kusubiri.

Shaban alifariki nikiwa na mimba ya miezi saba, akaacha nyumba ya vyumba viwili. Shemeji yangu Maulidi (shemeji, usiinamishe kichwa, tulishapatana) alitaka igawanywe upesi.

"Sheikh, tugawe sasa. Mtoto akizaliwa tutamfikiria."

"Maulidi, mwenye haki yake hafikiriwi. Anapewa."

Akatueleza: akizaliwa wa kiume, ndugu wa marehemu hapati kitu, akizaliwa wa kike peke yake, atachukua nusu na ndugu atachukua nusu. Kwa hiyo mpaka nijifungue, hata bati moja lisiguswe.

Kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, wewe hujaingia dini. Kwa sheria yetu huna fungu."

Nililia, nikamwambia mbele ya watu kwamba hana huruma. Hakunikemea. Je, angenidanganya, ningefurahi mpaka lini? Lakini Sheikh, leo niseme kweli: neno lile liliniuma, na bado linaniuma kidogo.

Siku ya kujifungua, pale hospitali ya Kitete, akatangulia Kulwa, wa kike. Shemeji akamshukuru Mungu, akarukia bodaboda mpaka kwa Sheikh.

"Msichana! Fungua kitabu, Sheikh!"

Sheikh alikuwa anakunywa chai. "Mkunga amesema wamemaliza?"

"Wamemaliza nini?"

"Kuzalisha, Maulidi. Rudi ukaulize."

Akarudi. Akamkuta Doto ndani ya khanga, wa kiume, anapiga kelele kutushinda wote.

Mnacheka! Mimi nilicheka mpaka mkunga akanikataza.

Ndugu zangu, ni wangapi wangefungua kitabu kile mapema, kwa kuogopa kelele za wakubwa, huku mwenye haki hajapata hata sauti ya kuidai? Leo nyumba ni ya Kulwa na Doto, kwa maandishi, na mimi mama yao nawalea humo. Hakuna anayeniuliza nitahama lini. Mwezi uliopita shemeji Maulidi alikuja mwenyewe kututilia kitasa kipya, akanikabidhi funguo zote, hakubakiza hata moja.

Sheikh, nenda kapumzike, kazi umeifanya. Nanyi mliomsikiliza mama mwenye usingizi mpaka akafika mwisho, nawashukuru sana. Asanteni.