Punje ya Tano kwenye Waya wa Papa Anaclet

Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, saa sita mchana, Papa Anaclet Lobho atavua salopeti yake ya bluu ya kazi na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika garaji ya Shirika Amkeni, hapa Bunia. Salopeti hiyo haitahitaji msumari wa kuitundika, maana kwa mafuta iliyonywa inaweza kusimama yenyewe. Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu mimi, Serge, dereva wa zamani, nimependekezwa kurithi ufunguo wa stoo yake. Mama Mkurugenzi Elisabeth bado hajatia sahihi. Akimaliza kusoma ukurasa huu huenda asitie, na nitaeleza kwa nini.

Papa Anaclet aliingia kazini Machi 1993 kama mfungua matairi. Wakati wa vita alificha pampu za dizeli za magari yetu matatu ndani ya magunia ya mihogo, na waliokuja kuyabeba magari wakayasukuma hadi barabarani, wakachoka, wakayaacha. Mwaka 2004 alifanywa mkuu wa garaji. Katika muda wote huo hajawahi kurudisha bisibisi ya mtu, na huimba vibaya, kwa sauti kubwa, akiwa chini ya gari ambako hatuwezi kumfikia.

Lakini Papa Anaclet ana dini moja, nayo ni mafuta ya injini. Hapa kwetu dereva yeyote atakuambia mafuta mazito ndiyo yenye nguvu, na mepesi ni maji ya kuwauzia wajinga. Gari likitoa moshi, tunaongeza uzito. Lisipotoa moshi, tunaongeza ili lisije likaanza. Mzee alipigana na imani hiyo kila siku ya Mungu. Kwenye bidoni ya mafuta iliyoandikwa 5W-30, alieleza, namba iliyo mbele ya W inaonyesha mafuta yanavyokimbia injini ikiwa baridi; kadiri ilivyo ndogo, ndivyo yanavyofika upesi. Namba ya pili inaonyesha uzito unaobaki injini ikishapata moto. Kitabu cha gari ndicho kinachochagua, siyo dereva, wala shemeji ya dereva anayeuza mafuta sokoni.

Na hakuwa mkaidi bila akili. Shangazi, Land Cruiser letu kuukuu linalovuta moshi kuliko mlinzi wa geti, alilitilia 20W-50, kwa kuwa kitabu chake kinairuhusu na vyuma vyake vimelika vikaacha nafasi. Gari jipya nafasi zake ni nyembamba, kwa hiyo alilitilia mepesi yaliyoandikwa. Watu nao aliwapima hivyo hivyo. Mama Mkurugenzi ni 5W-30, anawaka alfajiri bila kelele. Mhasibu wetu ni mafuta ya giaboksi, hutembea kuanzia saa sita. Mimi aliniita mafuta ya breki, kwa kuwa nafaa kwa kusimama tu. Siku padri alipokuja kubariki pikapu mpya, Papa Anaclet alingoja amina, akafungua kapo, kifuniko cha injini, na kuuliza kwa heshima zote kama baraka hiyo ilikuwa pamoja na vidange, ama mafuta abadilishe yeye.

Nyuma ya mlango wa stoo ametundika waya. Kila injini inapokufa kwa mafuta yasiyofaa, huchomoa kusineti moja, kile kipande chembamba cha chuma kinachobeba mhimili wa injini, anakichomeka kwenye waya pamoja na karatasi yenye jina la muuaji na mafuta aliyotumia. Madereva tunauita rozari. Una punje tano, na ya tano imeandikwa ANACLET. Miaka mitano sasa, kila alipoanza mahubiri, kulikuwa na mtu wa kumwonyesha mlango na kusema: «Papa, na ile ya tano ni ya nani?» Garaji nzima inacheka. Yeye anainamisha kichwa, anaendelea na kazi.

Punje hiyo ni yangu.

Ilikuwa 2019. Nilikabidhiwa ile pikapu iliyobarikiwa, na kitabu chake kilidai 5W-30. Nilipoyaona yanamiminika kama chai niliona mzee ananitafutia kifo, maana safari zetu zilikuwa za kushuka ziwani kwenye joto. Nikayamwaga kwa siri, nikatia mono 50 ya sokoni, mafuta mazito yasiyo na namba ya baridi. Asubuhi za Bunia zina baridi, na mafuta yale yalikuwa kama uji uliolala. Taa nyekundu ya mafuta ilichelewa kuzimika, kila siku zaidi ya jana. Mimi ningefanya nini, niombe msamaha? Nilibandika juu yake picha ndogo ya Bikira Maria, nikaendelea kukanyaga mafuta, maana msafara wa magari haumngoji mtu.

Wiki ya sita tulikuwa tunapeleka chanjo Mahagi-Port, mimi na muuguzi Valérie. Mbele kidogo ya Djugu injini ikagonga mara nne, ikanyamaza. Msafara ukapita. Tulibaki peke yetu barabarani saa nne nzima, na wakati ule barabara ile haikuwa mahali pa kukaa hata dakika kumi. Valérie alikumbatia sanduku la chanjo bila kunitazama. Aliyekuja ni Papa Anaclet, peke yake, ndani ya Shangazi, na kamba ya kuvutia. Aliiona picha ya Bikira, akaibandua, akaiweka mfukoni, akafunga kamba na kutuvuta mpaka Bunia.

Kanuni ya Mama Elisabeth kuhusu injini tunaijua wote: «Mwenye kuua moteur, anarudi kwake siku ile ile.» Nyumbani nilikuwa na mapacha wa wiki tatu. Nilimfuata mzee stoo ili nikiri, nikamkuta ameshaandika jina lake kwenye karatasi. Alimwambia mkurugenzi kwamba yeye ndiye aliyekosea kuchagua mafuta, akapewa barua ya lawama, ya pekee katika miaka yake yote. Mimi aliniambia: «Serge, bale batoto batakula kusineti? Nyamaza. Lakini kila asubui saa kumi na mbili uko hapa. Nitakufundisha kusoma.»

Nikaja kila asubuhi. Alijaza chupa mbili za kioo, moja mono 50, nyingine 5W-30, akaangusha nati ndani ya kila moja. Ya pili iligonga chini kabla sijapepesa macho. Ya kwanza tuliingoja tukinywa chai, na bado ilikuwa njiani. Hivyo ndivyo dereva aliyeua injini alivyogeuka fundi. Na kila walipomcheka kwa punje ya tano, mimi nilicheka nao, tena kwa sauti kuliko wote. Hilo linaniuma kuliko injini.

Mama Mkurugenzi, sasa unajua. Kalamu iko kwako, na kanuni yako ni ile ile. Barua ya lawama naomba uichane mbele ya watu wote, hata kama utakayemkabidhi ufunguo si mimi.

Papa Anaclet, asante kwa miaka thelathini na mmoja, kwa Valérie, kwa mapacha wangu watakaoanza darasa la kwanza mwakani. Uende ukapumzike vizuri, ulale mpaka jua likuchome, na atakayekuja nyumbani kukuuliza habari za gari umfukuze. Nisamehe kwa kuivunja ahadi ya kunyamaza. Punje ya tano nimeshaibadilisha karatasi leo asubuhi. Imeandikwa: SERGE. Mono 50. Taa ilikuwa inawaka, na niliiona.