Dkt. Arulraj Vedamanickam, Aliyepika Fedha kwa Majani (1957–2024)

Mjomba wetu, Dkt. Arulraj Vedamanickam, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 kijijini Megnanapuram, kusini mwa India, mtoto wa tatu wa mgema wa mivumo, miti ya jamii ya mnazi, aliyepika pia sukari guru.

Alisoma shule ya misheni hapohapo kijijini, akachukua shahada ya kemia Palayamkottai, na uzamivu Madurai mwaka 1985. Hadi anakufa, mama yake hakuelewa huyu ni daktari gani asiye na sindano.

Tarehe 21 Mei 1986 alifunga ndoa na Kirubavathi, mwalimu wa hesabu. Wiki ile alikuwa akisimamia mitihani ya maabara, na maji yenye chumvi ya fedha yalikuwa yamemmwagikia vidoleni. Yakipigwa na jua huacha weusi usiosikia sabuni. Alipoinua mikono kumfunga bibi harusi kidani cha ndoa, shangazi mmoja alinong'ona hadi viti vya nyuma vikasikia: "Mwanangu, bado hujafungwa! Tazama mkono huo, kama sufuria ya kuni!"

Bibi harusi alijibu bila kugeuka: "Shangazi, naolewa na mtu, siolewi na mkono."

Marehemu alifundisha chuo kimoja Palayamkottai kwa miaka thelathini. Tangu 2006 alikuwa na kazi moja moyoni: kuchemsha majani, kuyachuja, na kuchanganya maji yake na yale ya chumvi ya fedha mpaka yageuke kahawia. Rangi hiyo ilimwambia kwamba zimezaliwa chembe za fedha, ndogo kuliko bakteria, na zenye kuwaua. Alijaribu mwarobaini, akajaribu mrehani, kisha akauvamia mti wa majani ya mchuzi nyuma ya jiko la mkewe, ukabaki fito.

Mkewe, aliyemwita kwa jina la binti yao Jeyaseeli, alimuuliza: "Baba Seeli, supu ya rasam ya leo niitie nini? Magazeti?"

Jumapili moja alileta chupa ya maji hayo ya kahawia nyumbani ili ailinde. Mchungaji wetu, aliye hapa nasi, nusura aitie sukari, akidhani ni chai.

Mwaka 2017 mkewe alitoka kidonda cha kisukari mguuni. Aliiomba dawa ile. Marehemu alikataa.

"Inaua bakteria kwenye visahani vya maabara, na vidonda vya panya inaponya, Mama Seeli. Kwa binadamu haijapimwa."

"Majani yangu, jiko langu, mume wangu. Mguu ndio si wangu?"

Alimpeleka hospitali, na kila jioni alimfunga kidonda mwenyewe kwa bandeji za kawaida. Mguu ulipona, ila kidole kimoja kilikatwa. Tangu hapo Mama Seeli alimtambulisha hivi: "Huyu ni mume wangu. Panya anawatibu, mimi nilikosa sifa." Wageni walicheka. Mumewe alitazama chini.

Agosti 2023 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Kulala sana kulimtia kidonda kiunoni. Mama Seeli alikwenda chuoni, akarudi na chupa ya kahawia.

"Haya, Baba Seeli. Nikupake?"

"Haijapimwa."

"Hata wewe, na hali hii?"

"Nikijipaka mimi, basi itakuwa kweli wewe nilikunyima."

Mama Seeli aliketi kitandani, akacheka mpaka akalia. Kisha alimfunga kwa bandeji ya kawaida, akimgombeza kwa kukonda.

Alifariki Jumanne, 9 Januari 2024, saa nne asubuhi, mkono wake mkononi mwa mkewe.

Ameacha watoto wawili, Jeyaseeli na Immanuel, wajukuu watatu, na mke mwenye vidole tisa vya miguu, asiye na neno naye tena. Bwana ampe pumziko tulivu.